Daftari la Wiki: Ua Mmoja kwa Miaka Thelathini

Wakati masika yanaingia kwetu, Uingereza ni majira ya kuchipua, na wengi huko wako dirishani wakitazama ndege na vipepeo wa bustani ya nyuma ya nyumba. Wapo wanaoona huo ni mchezo wa wastaafu. Nawaelekeza kwa Jennifer Owen, mwanabiolojia ambaye miaka ya 1960 aliishi Kampala na mumewe Denis, aliyekuwa akifundisha Makerere. Baadaye, mjini Leicester, alichunguza bustani yake ya kawaida, ya mita za mraba 741, kuanzia 1972 hadi 2001. Alipata spishi 2,673 za mimea na wanyama. Wadudu peke yao walikuwa 1,997. Wenye uti wa mgongo, wale tunaokimbilia kuwapiga picha, 64 tu. Utasema bustani moja haiwezi kusemea nchi nzima. Ni kweli, lakini nguvu ya kazi yake haikuwa ukubwa wa eneo. Ni kurudi palepale, kwa njia ileile, mwaka baada ya mwaka, hata ikaonekana wazi kwamba baadhi ya makundi ya wadudu yanapungua. Mtafiti anayepita wiki mbili hawezi kuliona hilo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: uani kuna viumbe wa kawaida tu, wa nini kuwaandika? Lakini wa kawaida ndiye anayetoweka bila kuulizwa. Shomoro wa Uingereza alikuwa kwenye kila paa. Wananchi wamekuwa wakihesabu ndege wa bustanini tangu 1979, na hesabu zao ndizo zilizosaidia kuonyesha kwamba wastani wa shomoro kwa bustani umeshuka kwa zaidi ya nusu.

Kwetu nyumba nyingi ni za kupanga, ua ni wa saruji. Hata hivyo kumbikumbi hawaombi bustani. Mvua ikinyesha vizuri, jioni wanajaa kwenye taa ya kibarazani, wanapukutisha mbawa, kisha wanatembea wawiliwawili, dume nyuma ya jike, wakitafuta ufa wa kuingilia ardhini. Tarehe ya jioni hiyo, ikiandikwa kila mwaka, ni kumbukumbu ya mvua ambayo haihitaji chombo chochote. Mnana naye: hung'ata ukingo wa jani la mnazi, huruka akiwa ameubana mdomoni, na utepe mwembamba huchanika hadi mwisho, tayari kwa kusuka kiota. Pwani ana adui, kunguru wa India, aliyeletwa Unguja miaka ya 1890, anayekula mayai na makinda. Wazee wanasema ndege wadogo wamepungua, nami nawaamini. Ila anayepanga kupambana na kunguru anahitaji kujua viota vilikuwa vingapi katika mnazi gani, masika ya mwaka gani, na hayo anaweza kuyaandika mtoto yeyote wa darasa la nne kwenye daftari lake.