Pomboo wa Dubai na sokwe wa Burundi

MTAZAMO WA WIKI
Na Ramadhani Nduwimana

Wafanyabiashara wa Bwiza, mtaa wa Bujumbura, wanaofuata mzigo Dubai hawarudi na nguo na simu peke yake. Hurudi na video pia, na nyingine ni za pomboo: anaruka juu hewani, anapiga mpira kwa mkia, anamsogezea mtoto mdomo shavuni, na ukumbi mzima unapiga makofi. Watoto wa mtaani hukusanyika kwenye simu wakicheka, maana mnyama mwenyewe anaonekana anacheka.

Hacheki. Taya la pomboo limeumbwa hivyo, na hata akiwa mgonjwa, hata akishakufa, sura hiyo haibadiliki.

Baharini pomboo huishi kwa makundi. Kila mmoja ana mluzi wake ambao wenzake humtambulia, na huwinda kwa kutoa milio ya haraka na kusikiliza mwangwi unaorudi. Kwa siku moja anaweza kusafiri makumi ya kilomita. Ndani ya bwawa la zege hana cha kuwinda: samaki wameshakufa, wako ndani ya ndoo, naye hupewa mmoja mmoja kila anapomaliza mchezo. Akionewa na mwenzake, hana pa kukimbilia. Wako wanaoishia kuzunguka upande uleule kutwa, na wako wanaoelea tu bila kusogea. Na huyu ni mnyama anayejijua. Mwaka 2001 watafiti Diana Reiss na Lori Marino walieleza jinsi pomboo wawili wa New York, waliochorwa alama mwilini, walivyokwenda kwenye kioo kujiangalia pale palipochorwa.

Sokwe naye hufaulu jaribio hilo, na kuhusu sokwe aliyefungiwa, Burundi haihitaji kuambiwa na wageni. Poco, sokwe aliyefungiwa huko, alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Akiwa mdogo alitiwa kwenye kizimba kilichoning'inizwa juu mahali pa biashara ili avute wateja. Kizimba kilikuwa chembamba na kirefu. Hakuweza kutembea kwa mikono na miguu kama sokwe wengine, aliweza kusimama wima tu. Akakaa humo miaka. Alipopelekwa kwenye hifadhi ya Sweetwaters, ndani ya Ol Pejeta huko Laikipia, Kenya, alipata uwanja wa miti na majani, lakini bado alikuwa akisimama na kutembea kwa miguu miwili mara nyingi kuliko wenzake. Watalii walimpiga picha wakimsifu kwamba anatembea kama mtu. Walichokuwa wakikitazama ni kizimba kilichobaki ndani ya mifupa yake.

Sweetwaters ilifunguliwa mwaka 1993 kwa makubaliano ya Ol Pejeta, shirika la wanyamapori la Kenya na taasisi ya Jane Goodall, na lengo la kwanza lilikuwa kupokea sokwe wa Bujumbura, kwa sababu vita vilikuwa vimeanza Burundi. Poco alifika huko mwaka 1995. Mwezi Machi wa mwaka huohuo watu wa Bwiza na mtaa jirani wa Buyenzi walikuwa wakiuawa na kufukuzwa nyumbani kwao. Mtu ana haki ya kuuliza kwa nini sokwe walipata pa kwenda wakati binadamu hawakupata. Uchungu wa swali hilo ni wa kweli. Lakini kumwacha Poco kizimbani kusingemrudisha nyumbani hata mkimbizi mmoja.

Jambo hilo la pa kwenda ndilo linalowashinda hata matajiri. Ufaransa ilipitisha sheria mwaka 2021 ya kukomesha maonyesho ya pomboo. Marineland ya Antibes ikafunga milango Januari 2025, na nyangumi wauaji wawili, Wikie na mwanawe Keijo, wakabaki kwenye mabwawa yaleyale pamoja na pomboo 12, kwa sababu hakukuwa na hifadhi ya bahari iliyo tayari kuwapokea. Sheria ilitangulia, makao hayakuandaliwa. Kenya, nchi isiyo na sokwe wa porini, iliwatengea uwanja sokwe wa Burundi kwanza, ndipo wakasafirishwa.

Kwa hiyo msafiri wa Bwiza ana la kufanya, nalo ni dogo: asinunue tikiti ya maonyesho ya pomboo. Mwaka 2007 pomboo 28 wa Visiwa vya Solomon walipakiwa kwenye ndege hadi Dubai kwa ajili ya hoteli ya Atlantis. Hakuna ambaye angewasafirisha mbali kiasi hicho bila kutegemea wageni wa kulipa kiingilio. Anayetamani kuwaona pomboo aende Kizimkazi, Unguja, na huko pia awe mwangalifu: utafiti umeonyesha kwamba boti zikiwazonga, pomboo hupungukiwa na muda wa kupumzika na kula. Amwambie nahodha akae mbali na kundi, na akiona boti nyingine zimeshawazunguka, aombe kurudishwa pwani.