Mwenye Gongo Naye Apewe Nafasi Kitabuni

Jumamosi moja hapa Muthara, katika chumba cha kanisa ambamo sisi walimu wastaafu wachache huwasomea watoto hadithi, niliwagawia karatasi nikawaambia kila mmoja ajichore akiwa ndani ya hadithi aipendayo. Binti mmoja wa Gredi ya 3, ambaye mguu wake wa kushoto umesinyaa tangu utotoni na hutembelea gongo alilochongewa na babake, aliwashinda wote kwa kuchora. Alichora nyumba, mgomba, mbuzi wawili, na msichana mwenye rinda la manjano. Msichana huyo alisimama kwa miguu miwili iliyonyooka kama ya askari wa gwaride. Gongo halikuwapo.

"Na gongo lako, mwanangu, umeliacha wapi?"

Akanitazama kama anayemhurumia mzee asiyejua mambo. "Mwalimu, watu wa kitabuni hawana gongo."

Jioni ile nilipekua sanduku letu lote la vitabu, kimoja baada ya kingine, nikitafuta cha kumkanushia. Nilipata kipofu mmoja, ombaomba. Nilipata bibi mwenye kibiongo, naye ni mchawi. Nikafunga sanduku.

Ndugu msomaji, sensa ya 2019 iliwahesabu Wakenya wapatao 900,000 wa umri wa miaka 5 na zaidi wanaoishi na ulemavu, yaani asilimia 2.2. Hao ni wale ambao wenyewe au jamaa zao walikubali kusema mbele ya karani wa sensa. Sisi wa vijijini twajua kwamba zipo nyumba ambazo mgeni akibisha hodi, mtoto mmoja huingizwa chumba cha ndani. Mtoto anayefichwa nyumbani kisha asijione kitabuni, atajifunzia wapi kwamba yeye ni mtu wa kuonekana?

Sheria haikosi. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa utu wake na kutoitwa kwa namna ya kumdhalilisha. Ni maneno mazito. Lakini sheria hufika pale inapokataza tusi, ikakoma. Haiwezi kumfanya mtoto apende kujichora jinsi alivyo.

Lugha yetu nayo ina lake. Kipofu, kiziwi, kiwete, kilema, kibiongo: tumewapanga hawa pamoja na kiti na kikombe. Najua mtaalamu wa sarufi atanikosoa kwamba hata kijana na kiongozi wamo katika orodha hiyo, na kwamba twasema "kipofu amekuja", hatusemi "kimekuja". Sawa, nakubali. Ila sijapata kumwona mtu akirudi nyumbani analia kwa kuwa ameitwa kiongozi.

Hata methali tunayojivunia kuwafundishia watoto huruma, hujafa hujaumbika, hebu itazameni vizuri. Inaniambia nisimcheke mwenzangu kwa sababu kesho yanaweza kunipata mimi. Basi ninachofunzwa ni woga, na mwenzangu amegeuzwa kuwa mfano wa balaa. Yeye akiisikia darasani, macho ya wote yakimgeukia, anajengwa moyo au anabomolewa?

Waandishi wetu wakubwa hawakuwasahau kabisa. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika A Grain of Wheat ya 1967, alimweka Gitogo, kijana kiziwi anayepigwa risasi na mwanajeshi kwa kuwa hakusikia amri ya kusimama. Ukurasa huo unauma. Lakini hicho ni kitabu cha watu wazima, na Gitogo aliletwa afe. Katika hadithi za watoto nimeona mengine mawili yanayonikera zaidi. La kwanza ni mtoto mlemavu aliyegeuzwa malaika: hakasiriki, haibi sukari, hampigi dada yake, kazi yake ni kuvumilia ili wenzake wajifunze upole. La pili ni mwisho wa kuponywa, mtoto anatupa gongo na kukimbia, kijiji kinashangilia. Binti yangu wa rinda la manjano akisoma hayo ataelewa nini? Ataelewa kwamba furaha haiji mpaka mguu unyooke. Na wake hautanyooka.

Si kwamba visa vya kuandika havipo. Henry Wanyoike wa Kikuyu alipoteza uwezo wa kuona mwaka 1995, akiwa kijana. Mwaka 2000, kwenye Michezo ya Olimpiki ya Walemavu mjini Sydney, alikuwa akikimbia mita 5,000 pamoja na mwongozaji wake. Mwongozaji alikuwa mgonjwa, nguvu zikamwishia kabla ya mwisho wa mbio, na ikawa asiyeona ndiye anayemkokota anayeona mpaka kwenye utepe. Wakatwaa dhahabu. Msomeeni kisa hicho mtoto yeyote kabla hajalala, mwone kama atalala.

Tena tumekwisha kuona kitabu kimoja kinaweza kufanya nini. Lupita Nyong'o alipotoa Sulwe mwaka 2019, kisa cha msichana anayeuchukia weusi wa ngozi yake, wazazi waligombania kuwanunulia binti zao, kikaja kutolewa hata kwa Kiswahili na Kidholuo. Wenye ngozi nyeusi walipata wao. Mwenye gongo, mwenye kifaa sikioni, mwenye ualbino anayevaa kofia pana jua la mchana, wanangoja.

Wachapishaji hunijibu kwamba soko ni shule, na kitabu kisichoidhinishwa na KICD, taasisi ya ukuzaji mitaala, hakinunuliki. Ni kweli, na ndiyo sababu naisihi KICD iangalie nani yumo kitabuni kama inavyoangalia tahajia. Na wasomaji wanaongoja wapo: hapa Meru tuna shule ya wasioona ya St. Lucy's kule Igoji na shule ya viziwi ya Kaaga. Kenya ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh mwaka 2017, unaorahisisha kutoa vitabu kwa breli bila kusubiri ruhusa ya kila mwandishi. Vyema. Lakini kama hadithi yenyewe haimtaji mtoto asiyeona ila akiwa anaomba mkate, zile nukta zitampelekea vidoleni tusi lile lile.

Jumamosi iliyofuata niliacha sanduku, nikabuni hadithi yangu. Msichana mwenye gongo aligundua kwamba gongo lake linafika kwenye tawi la mpera wa jirani ambalo wavulana wote hawalifikii. Akaangua mapera kwa ndoano ya gongo, akala, akawauzia wenzake, jirani akamfumania, akaadhibiwa kama mwizi mwingine yeyote kwa kufagia ua siku tatu. Watoto walicheka hadi mwenye ufunguo wa kanisa akaja kuchungulia. Wavulana wawili walitaka kuliazima gongo la binti yetu ili walijaribu. Aliwakatalia.

Hadithi hiyo haijachapishwa. Mchapishaji anayeitaka na aje Muthara aichukue bure, mradi asimponye msichana kwenye ukurasa wa mwisho.