Kamba Bastola Hapasui Kioo

Anayetaka kufuga kamba bastola katika tangi la matumbawe huanza kwa kusikiliza hadithi. Inayopendwa kuliko zote ni kwamba atapasua kioo na kufurika maji sebuleni. Wanaoisimulia wamemchanganya na kamba vunjajungu, mnyama mwingine kabisa, ambaye hupiga ngumi kwelikweli na amewahi kuvunja kioo cha tangi. Kamba bastola hapigi kitu. Hufumba gando lake kubwa kwa kasi, maji yanachupa mbele, na nyuma ya maji hayo kunabaki kiputo. Mwaka 2000 Michel Versluis na wenzake walionyesha kwamba mlio hutoka kwenye kiputo hicho kinapoporomoka. Gando lenyewe kugongana si chanzo chake. Alpheus randalli, anayefugwa sana, ana urefu wa sentimita 3 hivi. Utamsikia akialika na wageni watauliza nini kimevunjika, lakini kioo kitabaki kizima.

Mawe ndiyo ya kuhofia. Kamba huyu hachoki kuchimba, na jiwe lililowekwa juu ya mchanga siku moja litajikuta halina kitu chini yake. Basi mawe yakae moja kwa moja kwenye sakafu ya tangi, mchanga umwagwe baadaye. Mchanga mtupu nao haumfai: changanya na vipande vya matumbawe na makombe, maana ndivyo anavyojengea paa la shimo lake.

Halafu wapo wasemao kwamba samaki yeyote aitwaye gobi atashirikiana naye. Si kweli. Gobi wa njano Gobiodon okinawae, kwa mfano, hukaa juu ya matumbawe na hana shughuli na mashimo. Wanaofaa ni wa jenasi za Amblyeleotris, Stonogobiops na Cryptocentrus, na hata hao huwa na kamba wanaowapendelea. Ushirika wenyewe una utaratibu, kama alivyoeleza Ilan Karplus aliyeuchunguza katika Bahari ya Shamu. Kamba haoni vizuri, kwa hiyo kila atokapo na shehena yake ya mchanga huweka kipapasio kimoja mwilini mwa samaki. Samaki akitikisa mkia, kamba anarudi ndani. Samaki akijitosa shimoni kichwa mbele, hakuna wa kubaki nje. Mmoja hulinda na mwingine hujenga, wote wakilala nyumba moja. Mtu anayemnunua gobi kwa rangi tu kisha akalalamika kwamba "hawapendani" ajilaumu mwenyewe.

Kinyume chake pia husemwa: kwamba ukiwatenganisha, mmoja atakufa. Hapana. Katika tangi lisilo na maadui kila mmoja huweza kuishi peke yake. Ila kamba asiye na mlinzi hujificha mno, na huenda ukapitisha wiki nyingi bila kumwona.

"Atajitafutia makombo" ni dai la mvivu. Tangi safi halina makombo ya kutosha. Msukumie kipande cha uduvi au cha nyama ya samaki karibu na mlango wa shimo.

Kuhusu iodini, wauzaji wa chupa ndogondogo husema bila hiyo hawezi kujivua gamba. Chumvi nyingi za matangi tayari zina iodini, na kubadilisha sehemu ya maji mara kwa mara kunatosha. Kumwaga dawa usiyoipima ndiko kunakodhuru. Ukikuta gamba tupu mchangani, usiomboleze wala kukimbilia dukani. Mwenyewe yumo shimoni akingoja gamba jipya liwe gumu.

Dai la kwamba mnyama mdogo anatosheka na tangi dogo lina ukweli nusu. Nafasi itamtosha, lakini maji machache hubadilika upesi. Maji yanapopungua kwa joto chumvi hubaki, hivyo pengo lijazwe kwa maji yasiyo na chumvi, kila siku ikibidi. Ukijaza maji ya chumvi, ukali wa chumvi utapanda hadi umuue.

Jambo moja wauzaji hawalisemi hata kidogo: dawa za samaki zenye shaba huua kamba. Ukinunua tangi lililotumika, muulize mwenye nalo kama liliwahi kutiwa dawa hiyo, na akisitasita usilichukue.