Msituambie ni ushauri tu

Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya The Hague ilipotoa maoni yake kuhusu mabadiliko ya tabianchi, tarehe 23 Julai 2025, jibu la wasiotaka kuguswa lilikuwa tayari: huo ni ushauri tu, haumfungi mtu. Kisheria wana hoja. Maoni ya ushauri si hukumu. Hayana mshtaki wala mshtakiwa, hayana faini, na hakuna askari anayetumwa kuyatekeleza. Lakini huo ni ukweli nusu. Nusu iliyobaki inawahusu watu wetu wa pwani, wa mabondeni na wa miteremko ya milima, na wanastahili kuelezwa.

Tuanze na walichosema majaji. Miongoni mwao walikuwamo Julia Sebutinde wa Uganda, makamu wa rais wa mahakama hiyo, na Abdulqawi Yusuf wa Somalia. Hakuna aliyepinga. Walisema kila nchi ina wajibu wa kisheria wa kuzuia madhara makubwa yanayoletwa na gesijoto, na kwamba wajibu huo hautokani na Mkataba wa Paris peke yake. Hapo ndipo palipokuwa na vita. Baadhi ya nchi zinazochafua anga kuliko zote zilikuja na hoja kwamba mikataba ya tabianchi inatosha na sheria nyingine zisiingizwe. Mahakama iliikataa hoja hiyo. Ilisema ipo sheria ya desturi, ya zamani kuliko mikataba hiyo, inayokataza nchi kuacha yanayotendeka kwake yamdhuru mwenzake. Mkulima wa Uchagani anayemwagilia kwa mfereji anaielewa kanuni hiyo bila kuajiri wakili: anayekaa juu hana ruhusa ya kuharibu maji ambayo wa chini atayategemea. Kwa hiyo nchi inayojitoa kwenye Mkataba wa Paris inakuwa imejitoa kwenye mkataba tu. Wajibu unabaki pale pale.

Mahakama haikuishia hapo. Nchi isipochukua hatua zinazofaa kulinda hali ya hewa, ikaendelea kuchimba na kuchoma mafuta, gesi na makaa ya mawe, ikatoa leseni za kuyatafuta au ikayapa ruzuku, inaweza kuhesabiwa kuwa imetenda kosa la kimataifa. Na mwenye kosa hutakiwa aliache, kisha arekebishe alichoharibu au alipe fidia.

Kwa nini basi swali hili lilipelekwa kwa njia ya ushauri, wasishtakiwe wakubwa moja kwa moja? Kwa sababu mahakama hiyo haiwezi kuiburuta nchi isiyokubali kushtakiwa. Marekani iliondoa ridhaa yake ya jumla katikati ya miaka ya 1980, baada ya kushtakiwa na Nicaragua. China ya leo haijawahi kuitoa. Nchi ndogo ikitaka kufungua kesi dhidi ya mojawapo ya hizo, itagonga mlango usiofunguliwa. Swali la ushauri halihitaji ridhaa ya mtu. Linahitaji kura za kutosha katika Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, na humo kura ya Vanuatu ina uzito sawa na ya Marekani.

Vanuatu ndiyo iliyoliona hilo, na hasa vijana wake. Mwaka 2019 wanafunzi 27 wa sheria wa Chuo Kikuu cha Pasifiki ya Kusini, wakiwa darasani Port Vila, waliamua kuzishawishi serikali za visiwa vyao zipeleke swali The Hague. Serikali ya Vanuatu ikalibeba. Machi 2023 vimbunga viwili, Judy na Kevin, viliipiga nchi hiyo ndani ya siku chache. Tarehe 29 ya mwezi huohuo Baraza Kuu lilipitisha azimio la kuomba maoni, likiungwa mkono na nchi zaidi ya 130, na hakuna aliyedai kura ipigwe. Desemba 2024 nchi 96 zilisimama mbele ya majaji kutoa hoja zao. Wazo la wanafunzi lilichukua miaka sita kupata jibu. Wazazi wanaowaambia watoto wao waachane na mambo ya kimataifa wasome kwanza, wakumbuke kwamba hawa walikuwa wanasoma.

Sasa turudi kwenye lile neno “tu”. Uingereza ililitumia mwaka 2019, na yaliyofuata yanaweza kuhesabiwa hatua kwa hatua.

Mwaka 1965 Uingereza ilivikata visiwa vya Chagos kutoka Mauritius, miaka mitatu kabla ya kuipa uhuru. Wakazi wake waliondolewa kwa nguvu ili Marekani ipate kambi ya kijeshi kwenye kisiwa cha Diego Garcia. Mbwa wao waliuawa. Watu wakapakiwa melini na kushushwa Mauritius na Shelisheli, wengi wakiishia kwenye ufukara. Haya yalitendeka katika Bahari ya Hindi hii hii yetu. Tarehe 25 Februari 2019 mahakama ilisema, majaji 13 dhidi ya mmoja, kwamba visiwa hivyo vilikatwa kinyume cha sheria na Uingereza iondoke haraka iwezekanavyo. London ikajibu kwamba huo ni ushauri, si hukumu.

Mei mwaka huohuo Baraza Kuu liliitaka Uingereza iondoke ndani ya miezi sita. Nchi 116 zilikubali, sita tu zikakataa. Januari 2021 jopo la Mahakama ya Kimataifa ya Sheria za Bahari, likisikiliza mgogoro wa mipaka kati ya Mauritius na Maldivi, lilisema mamlaka ya Mauritius juu ya Chagos yanatokana na maoni hayohayo ya ushauri. Agosti 2021 Umoja wa Posta Duniani uliacha kuzitambua stempu ambazo Uingereza ilizitoa kwa jina la visiwa hivyo. Stempu ni kitu kidogo, lakini barua yenye stempu isiyotambuliwa haifiki. Tarehe 22 Mei 2025 Uingereza ilitia saini mkataba wa kuirudishia Mauritius visiwa hivyo. Hatusemi haki imekamilika. Mkataba huo unaiacha kambi ya Diego Garcia ibaki kwa miaka 99, na Wachagos wengi wanalalamika kwamba mazungumzo yaliyoamua ardhi ya babu zao yalifanywa bila wao. Lakini hakuna jeshi lililokwenda Chagos. Ni karatasi ile ya ushauri iliyotembea kutoka ofisi moja hadi nyingine, miaka sita, mpaka ikawa ghali kuipuuza.

Njia hii ina mipaka yake pia, na msomaji asifichwe. Mwaka 1996 mahakama hiyo iliulizwa kama silaha za nyuklia zinaweza kutumika kihalali. Katika hatua nyeti kuliko zote, kama nchi inaweza kuzitumia pale uhai wake unapokuwa hatarini, majaji waligawanyika saba kwa saba na kukiri kwamba hawawezi kutoa jibu la mwisho. Nchi zenye silaha hizo bado zinazo. Maoni yenye kauli iliyogawanyika hayasukumi mtu, na ndiyo maana sauti moja ya mwaka 2025 ina thamani kubwa.

Watu wetu wafanye nini na sauti hiyo? Mfano uko Pemba. Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba, bahari imekuwa ikiingia kwenye mabonde ya mpunga. Shamba lililoingiliwa na bahari hujulikana kwa macho: udongo unakauka na kuacha utando mweupe, mpunga unanyauka kabla ya kutoa suke, na mtu akiionja ardhi kwa ncha ya ulimi anapata chumvi. Wenyeji wamepanda mikoko kuizuia bahari. Wamefanya sehemu yao, nao mchango wao katika mafuta yaliyolifikisha joto la dunia hapa ni mdogo mno.

Mahakama imesema anayedai fidia lazima aonyeshe uhusiano wa moja kwa moja na wa uhakika wa kutosha kati ya kosa na madhara. Ikasema pia kwamba jambo hilo ni gumu lakini linawezekana, na kila kesi itapimwa kivyake. Maana yake kwetu ni kazi ya ofisini: kumbukumbu. Unguja na Mombasa kuna vipimo vya kina cha bahari vyenye takwimu za miongo kadhaa, na vitunzwe kama hati za nyumba. Visima vya pwani vipimwe chumvi kila mwaka na majibu yaandikwe. Sheha aliyeona bonde likiachwa aandike mwaka, ukubwa wa eneo na idadi ya kaya. Siku ya kudai ikifika, nchi isiyo na daftari itabaki na malalamiko.

Kuna upande mwingine wa maoni haya ambao serikali zetu hazitaupenda, nasi hatutaunyamazia. Majaji walipotaja leseni na uzalishaji wa mafuta, hawakusema vinawahusu wazungu peke yao. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443. Mahakama haikulitaja wala kulipiga marufuku, na ilikubali kwamba wajibu wa nchi hutofautiana kulingana na uwezo wake na mchango wake katika uharibifu. Afrika nzima inatoa karibu asilimia 4 tu ya gesijoto za dunia. Hoja hiyo ni ya haki na tunaiunga mkono. Lakini serikali inayosimama The Hague kudai fidia kwa mafuriko lazima iwe tayari kueleza kwa wananchi wake, kwa hesabu zilizo wazi, bomba hilo linaingiaje kwenye wajibu uleule. Kampala na Dodoma zinatudai maelezo hayo.

Na sasa swali limefika nyumbani. Tarehe 2 Mei 2025 Umoja wa Wanasheria wa Afrika, PALU, ulipeleka ombi katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, kutaka ieleze wajibu wa nchi za Afrika kwa watu wao katika janga hili. Mahakama hiyo si ngeni kwa kazi kama hii. Desemba 2020, kwa ombi la PALU hao hao, ilisema sheria za uzururaji tulizoachiwa na wakoloni, zinazomfanya maskini akamatwe kwa kuonekana tu barabarani, zinapingana na Mkataba wa Afrika wa haki za binadamu.

Tanzania ni mwenyeji wa mahakama hiyo, na mwezi Novemba 2019 iliondoa tamko lililowaruhusu wananchi na asasi kuishtaki huko moja kwa moja. Tumelazimika kulisema hapa kwa sababu ndilo linaloifanya njia ya ushauri iwe muhimu kwa mwananchi wa kawaida: mlango wa kesi umefungwa, na huu wa maswali umebaki wazi. Tunaitaka Tanzania ilirudishe tamko hilo. Tunazitaka Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo ziipe mahakama ya Arusha takwimu zao za mafuriko, ukame na bahari, zilizoandikwa na wataalamu wao wenyewe, na kuambatanisha ushahidi wa masheha, wavuvi na wakulima.

Jambo la mwisho ni la lugha. Umoja wa Afrika ulikipitisha Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi mwaka 2022. Maoni yoyote yatakayotoka Arusha kuhusu tabianchi yatolewe kwa Kiswahili siku hiyohiyo yanapotolewa kwa lugha nyingine, na nakala zifike kwenye ofisi ya sheha wa Kisiwa Panza.