Shaba inatoka, karindula haina meza

Kila mwaka, mwezi wa sita, Lubumbashi inapokea DRC Mining Week. Hoteli zinajaa, na wageni wanatembea toka meza hadi meza wakiangalia pampu, malori na mashine za kutoboa miamba. Ni jambo zuri kwa mji. Lakini mpenda muziki akiuliza vyombo vya muziki vya Katanga vinaonyeshwa wapi na lini, hakuna wa kumwelekeza.

Ajabu ni kwamba madini yale yale ndiyo muziki. Nyuzi za gitaa zinazoitwa 80/20 ni shaba asilimia 80 na zinki asilimia 20. Tarumbeta nayo ni shaba na zinki. Ndani ya gitaa la umeme kuna waya mwembamba wa shaba uliozungushwa maelfu ya mara, na sumaku za aina ya alnico zina kobalti ndani yake. Shaba, kobalti na zinki ya Kipushi vinatoka hapa na kupita Kasumbalesa juu ya malori. Kinachorudi ni pakiti ya nyuzi sita, na kijana wa Katuba anahesabu franga mara mbili mbele ya kuinunua.

Huko Anaheim, California, kuna maonyesho ya NAMM, chama cha wauza vyombo vya muziki kilichoanzishwa mwaka 1901. Mgeni anashika gitaa, analijaribu, anaongea na aliyelitengeneza, na biashara inaanza palepale.

Watu watauliza: fundi wa Lubumbashi angeonyesha nini? Angeonyesha karindula. Pipa la mafuta, ngozi ya mbuzi, shingo ndefu ya mti, nyuzi 4, na mtaa mzima unatoka nje kusikiliza. Mwaka 2011 kampuni ya Ubelgiji, Crammed Discs, ilitoa rekodi na filamu za karindula zilizopigwa hapa hapa Lubumbashi. Wageni walivuka bahari kuja kuisikiliza. Viongozi wetu wanaisikia kupitia kioo cha gari.

Na si mara ya kwanza. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimkuta Jean Bosco Mwenda akipiga gitaa Jadotville, Likasi ya leo, akamrekodi. Kisha Mwenda na Edouard Masengo walifika hadi Nairobi, na wapiga gitaa wa Kenya wakajifunza kwa vidole vyao. Jina la Katanga lilitangulia mbali kwa gitaa, bila mtu yeyote kuuza kilo moja ya shaba.

Wengine watasema: maji kwanza, umeme kwanza, barabara kwanza. Ni kweli, na hakuna anayeomba pesa za bomba la maji. Lakini Kanuni ya Madini, tangu ilipobadilishwa mwaka 2018, inadai kampuni za migodi zitoe angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazoishi kandokando ya migodi. Shule ikijengwa kwa pesa hizo, ni kosa gani kutia ndani yake magitaa mawili na karindula moja? Mtoto anayekula vumbi la malori kila siku hana haki ya kusikia sauti ya shaba?

Kinachohitajika si kikubwa. Kila komini, kuanzia Kenya hadi Ruashi, iandike orodha ya mafundi wake wa vyombo vya muziki. Serikali ya jimbo, pamoja na waandaaji wa maonyesho ya mwezi wa sita, iwape safu moja ya meza, bila kulipisha, kwa siku zote za maonyesho. Mgeni anayekuja kununua shaba aione pia karindula, aishike, aulize bei yake.

Akikataa kununua, hiyo ni biashara. Lakini kama hata meza hakuna, kosa si la mgeni. Ni letu.