Nyumba iko Eldoret, nyumbani ni wapi?

Mwisho wa mwezi ukifika, barabara za Kapsoya, Langas na Kimumu hujaa pikapu zilizobeba magodoro. Juu ya godoro kuna meza iliyopinduliwa miguu juu, pembeni mtungi wa gesi, na nyuma kabisa ameketi kijana aliyekumbatia televisheni iliyofungwa blanketi. Mizigo ikishashushwa, msimamizi wa ploti hukabidhi funguo, huonyesha mita ya stima na bomba la maji, hukumbusha tarehe ya kodi, kisha huenda zake. Jioni mlango umeshafungwa. Jirani wa mlango wa pili anachojua ni kwamba kuna mtu ameingia.

Aliyehama hivyo amepata nyumba. Nyumbani ni jambo jingine, na Wakenya hulitenganisha kila siku katika mazungumzo yao. Mwulize mwalimu aliyekaa Eldoret miaka ishirini nyumbani kwake ni wapi, naye atakutajia kijiji kilichoko Kakamega, Kisii au Murang'a. Watoto wake wamezaliwa hapa, wamesomea hapa, na huenda njia ya kwenda kisimani kule kijijini hawaijui. Hata hivyo nyumbani ni kule. Hapa ni kwa nyumba tu.

Eldoret haifai kuendelea kuridhika na jibu hilo.

Mnamo 15 Agosti 2024 Rais William Ruto aliukabidhi mji huu hati ya kuwa jiji, ukawa wa tano nchini baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Sensa ya 2019 ilikuwa imehesabu humo wakazi 475,716. Jiji kubwa kiasi hicho halikuota lenyewe. Limejengwa na watu waliohama. Uwanda wa Uasin Gishu ulikaliwa na Wasirikwa, kisha Wamaasai, kisha Wanandi. Mwaka 1908 likaja kundi la Makaburu kutoka Afrika Kusini wakiongozwa na Van Rensburg, na mabehewa yao yakivutwa na ng'ombe. Mwaka 1910 posta ilifunguliwa kwenye shamba namba 64, ndiyo maana wapo wanaouita mji huu Sisibo hadi leo. Reli ilifika mwaka 1924 ikiwa na mafundi na wafanyabiashara wake. Baada ya uhuru vikaja viwanda vya nguo kama Rivatex, Chuo Kikuu cha Moi mwaka 1984, na hospitali ya rufaa inayopokea wagonjwa kutoka kaunti nyingi za magharibi mwa Kenya.

Hata jina lina pande mbili. Shina lake ni neno la Kimaasai, eldore, linalohusishwa na mawe ya Mto Sosiani. Herufi ya mwisho ni kiishio cha Kinandi. Mji ambao jina lake limeungwa kwa lugha mbili una kila sababu ya kujua kuishi na mgeni.

Mgeni mwenyewe hukutana kwanza na hewa. Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Aliyetoka Mombasa hushangaa kuona anahema kwa kupanda ngazi za ghorofa mbili, na asubuhi ya Julai hutafuta sweta ambalo hakuwahi kulihitaji. Halafu anateleka maharagwe. Saa moja inapita, saa mbili zinapita, gesi inakwisha, na punje bado ni ngumu. Si kwamba aliuziwa maharagwe mabaya. Katika kimo hiki maji huchemka yakiwa kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 100, kwa hiyo chakula huchelewa kuiva. Dawa yake kila mama wa hapa anaijua: loweka usiku kucha, chemshia kwenye jiko la makaa, mtungi wa gesi uache kwa chai. Neno hilo halimo katika mkataba wa kupanga nyumba. Huambiwa na jirani, pamoja na siku ambazo mifereji hukauka, muuza maziwa asiyechanganya maji, na steji ya matatu iliyo salama usiku.

Lakini iko sababu ya kumpokea mgeni iliyo nzito kuliko sufuria ya maharagwe.

Mji huu unajua gharama ya watu kuishi ukuta kwa ukuta bila kujuana. Tarehe 1 Januari 2008, wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi, kanisa la Kiambaa nje kidogo ya mji lilichomwa moto likiwa na watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Maelfu walilala kwenye mahema katika uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Eldoret. Nchini kote waliouawa walizidi 1,100. Wapo manusura walioeleza kwamba waliwatambua waliowavamia. Wapo pia waliookolewa kwa sababu jirani wa kabila jingine aliwaficha chumbani mwake na kusimama mlangoni. Jirani huyo hakuanza ujirani siku ile. Alikuwa ameshakopeshana nao chumvi, ameshahudhuria mazishi yao, na majina ya watoto wao anayajua.

Na mbegu ya ubaya haijaoza. Januari 2022, katika mkutano wa siasa hapahapa Eldoret, lilitamkwa neno "madoadoa", kejeli kwa wanaoonekana si wenyeji, ambalo watu wa Bonde la Ufa wanalikumbuka kwa uchungu, na aliyelitamka akakamatwa na polisi. Katiba ya 2010, katika ibara ya 39, inampa kila raia haki ya kuishi popote nchini. Haki hiyo ni ngao kubwa mahakamani, ila usiku wa hatari anayekuwa karibu ni jirani.

Kwa hiyo kumpokea anayehamia ni kazi ya jiji kama zilivyo kazi za kuzoa taka na kuweka taa za barabarani. Chombo cha kuifanya tayari kipo. Mpango wa Nyumba Kumi ulizinduliwa mwaka 2013 kwa mfano wa Tanzania, ambako tangu enzi za chama cha TANU mgeni wa mtaa amezoea kujitambulisha kwa balozi wa nyumba kumi. Tatizo ni kwamba nchini Kenya mpango huu uliingia kwa mlango wa usalama. Mgeni hufikiwa kwa shaka: kitambulisho kiko wapi, umetoka wapi, unafanya kazi gani. Maswali hayo yana mahali pake. Yakiwa ndiyo salamu ya kwanza, mtu hujifungia zaidi.

Na si kwamba Eldoret haijui kukaribisha. Mwanariadha anaporudi na medali, husubiriwa kwenye uwanja wa ndege na kina mama wenye vibuyu vya mursik, maziwa yaliyolala siku kadhaa kwenye kibuyu kilichopakwa ndani mkaa wa mti, yakawa na rangi ya majivu na ladha kali. Bingwa hunywa mbele ya watu wote, nao humshangilia. Mji unaoweza kufanya hivyo kwa mshindi wa mbio hauwezi kushindwa kumpelekea kikombe cha chai muuguzi aliyehamia jana.

Mgeni naye ana wajibu. Anayekaa mjini miaka kumi huku kura yake iko kijijini hana sauti kuhusu barabara mbovu inayopita mlangoni pake. Ahamishe kituo chake cha kura. Ajiunge na chama cha ploti, hata kama mchango ni mdogo, kwa kuwa mtu anayekosekana kwenye mkutano wa chama hutafutwa, na asiye mwanachama hakuna ajuaye kama ni mgonjwa. Ajifunze kusema "chamgei", salamu ya Kikalenjin, kwa mama anayemuuzia mboga, na aone jinsi uso wa mama huyo utakavyofunguka. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa nini mgeni asubiri kupewa?

Mwenye ploti anaweza kuanza bila bajeti ya mtu. Siku ya kukabidhi funguo, msimamizi wake ampeleke mpangaji mpya kwenye milango minne iliyo karibu, awatambulishe kwa majina. Kiongozi wa Nyumba Kumi apite kumwamkia kabla ya kumdai kitambulisho. Chifu, kwenye baraza lake, atenge dakika chache waliohamia mwezi huo wasimame wajulikane. Nayo serikali ya Kaunti ya Uasin Gishu, ambayo sasa inasimamia jiji, iyafanye mambo haya kuwa desturi katika kila wadi.

Mwisho wa mwezi huu pikapu zitaingia tena Kapsoya na Langas. Jirani, toka uwasaidie wanaohamia kushusha meza, uwaulize majina, na uwaambie kuhusu maharagwe kabla mlango haujafungwa.