Sikukuu Imekuacha Wapi?

Kila mwaka ifikapo tarehe 24 Desemba, sisi tunaofanya kazi Kitale huonekana tukigombania mabasi, mikononi tumeshika vikapu na nguo mpya za watoto, tukielekea makwetu Bungoma. Furaha hiyo si mbaya. Lakini yafaa mtu ajiulize: nyama ikiisha na nauli ikiisha, imani yangu imebaki na nini?

Sisi wa nchi ya mahindi tuna msaada mkubwa katika jambo hili. Krismasi hutufikia tukiwa tumevuna, ghala limejaa. Basi yamwuliza aliyeshiba kama atampa nafasi mwenziwe, kwa maana Bwana alilazwa horini kwa kukosa nafasi. Pasaka, ambayo huangukia kati ya 22 Machi na 25 Aprili, hutukuta tukipanda, na ghala limepungua. Hiyo yatuuliza kama twaweza kufukia udongoni kitu ambacho tungeweza kukila, tukitumaini tusichokiona. Bwana mwenyewe alikifananisha kifo chake na punje ya ngano. Pentekoste, siku ya 50, ilikuwa sikukuu ya mavuno kwa Wayahudi, bali sisi hutukuta tukipalilia. Yatuuliza kama tutadumu katika kazi tuliyoianza.

Marehemu baba yangu alikuwa mshirika wa Kanisa la Marafiki, ambalo wamisionari wake walifika Kaimosi mwaka 1902. Marafiki wa kale wa Uingereza hawakutukuza siku moja kupita nyingine, wakisema kwamba siku zote ni za Mungu. Baba hakutukataza sikukuu, lakini asubuhi ya pili yake alituuliza, "Wanangu, siku ya jana imewaacha wapi?"

Swali hilo lilinichoma nilipokuwa mtu mzima. Kwa muda wa miaka 2 sikusemezana na ndugu yangu mkubwa kwa ajili ya mpaka wa shamba. Krismasi mbili tuliimba katika kanisa moja, yeye benchi la mbele, mimi la nyuma, kisha kila mmoja akaenda kula kwake. Pasaka iliyofuata, siku ya Jumamosi, mvua ilikuwa imenyesha, nikamwona akihangaika na plau peke yake, hana wa kumwongozea ng'ombe. Nilivua viatu vya ofisini, nikaingia matopeni, nikashika kamba. Hatukusema neno hata jua likawa kali. Ndipo aliponiambia, "Kesho uje na watoto, mle kwangu."

Wahenga walisema, ndugu wakigombana, shika jembe ukalime. Sisi kulima kwenyewe ndiko kulikotupatanisha. Baadaye mpaka ulipimwa mbele ya wazee, nami nikapungukiwa na mistari 3 ya mahindi. Nilisikitika kidogo, sitaficha; lakini usiku ule nililala usingizi niliokuwa nimeusahau.

Basi, ndugu msomaji, sikukuu ijayo, kabla hujaenda dukani kununua kitambaa, mkumbuke yule usiyesemezana naye, uanze safari yako mlangoni pake. Siku yenyewe itapita, kama zipitavyo zote. Heri ikuache mahali pengine kuliko ilipokukuta.